Kati ya Nungwe na Nungwi

Majina mawili ya mahali, yanayotofautiana kwa herufi moja tu ya mwisho, yanabeba suala zima la vijana wa ukanda wa dhahabu na safari za ufukweni. Nungwe ni ghuba, yaani sehemu ambapo maji ya Ziwa Victoria yameingia ndani ya nchi kavu, katika Wilaya ya Geita. Mgodi mkubwa wa Geita, ulioanza uzalishaji mwaka 2000, huvuta maji yake kutoka huko. Nungwi ni kijiji cha ncha ya kaskazini ya kisiwa cha Unguja, ambako mchanga mweupe na bahari ya samawati vimekuwa biashara ya dunia nzima. Kijana wa Katoro, Nyarugusu, Kakola au Kahama analijua jina la pili kwa sababu picha zake hazikauki kwenye simu yake, ilhali la kwanza, ambalo angeweza kulifikia na kurudi bila kuvuka mipaka ya kanda yake, mara nyingi hajawahi hata kulitaja.

Picha hizo zinazozunguka huja na sifa moja inayorudiwa: ufukwe wa Kiitaliano. Sifa hiyo ina historia ya kweli katika mwambao wa Waswahili na haikubuniwa na wauza safari. Mwaka 1964 serikali ya Italia ilikubaliana na Kenya juu ya kituo cha kurushia setilaiti karibu na Malindi, mradi ulioongozwa na mhandisi Luigi Broglio, na setilaiti ya kwanza ikarushwa Aprili 1967 kutoka kwenye jukwaa lililosimikwa baharini. Mafundi waliokuja kwa kazi hiyo waliifahamu pwani, ndugu na marafiki wakawafuata, na Malindi na Watamu zikawa miji ambayo ndani yake muuza samaki anapanga bei kwa Kiitaliano na mikahawa inapika tambi kama za Roma. Tangu miaka ya 1990 jambo la namna hiyo limetokea Kiwengwa, mashariki ya Unguja, ambako hoteli nyingi zilijengwa kwa ajili ya wageni kutoka Italia wanaolipia kila kitu kabla ya kupanda ndege. Kwa hiyo kijana wa Geita anapotamani ufukwe wa Kiitaliano, anatamani kitu kilicho ndani ya Afrika Mashariki, ila kilichopangwa kwa mfuko wa mtu mwingine.

Laiti angejua jinsi Mwitaliano wa kawaida anavyokwenda baharini nyumbani kwake. Katika fukwe za Italia sehemu kubwa ya mchanga imekodishwa kwa wafanyabiashara wanaotoza pesa kwa mwavuli na kitanda, lakini hubaki vipande huru ambavyo mtu hutandika taulo lake bila kulipa, akila mkate alioutoa nyumbani. Kilele cha likizo ni tarehe 15 Agosti, sikukuu iitwayo Ferragosto, ambapo bei hupanda kwa kila kitu, na mtu mwenye fedha chache huikwepa wiki hiyo kwa makusudi. Wafanyakazi wengi wa viwandani wa nchi hiyo waliiona bahari kwa mara ya kwanza baada ya mwaka 1931, wakati utawala wa kifashisti, ambao kwa mengine hauna la kusifiwa, ulipoanzisha treni za nauli ya chini kabisa kwa siku za mapumziko. Yaani hata huko ufukwe haukuwa haki ya kuzaliwa nayo. Ulifikiwa na watu wa kipato kidogo kwa nauli nafuu, chakula cha kubeba na kuchagua msimu. Mbinu hizo tatu hazihitaji viza ya Ulaya, ambayo ada yake peke yake tangu Juni 2024 ni euro 90 zisizorudishwa hata mwombaji akikataliwa.

Hapa inapasa kueleza namna fedha inavyopita katika mikono ya vijana wa ukanda huu, kwa kuwa bajeti iliyoandikwa kwa ajili ya mtu wa mshahara haiwafai. Kijana anayefanya kazi kwenye duara, yaani shimo la mchimbaji mdogo, halipwi mwisho wa mwezi. Anasubiri mgao wa mawe, anayapeleka kwenye karasha, ambayo ni mashine ya kusagia, kisha mwaloni, mahali pa kuchenjulia dhahabu, na anaweza kukaa miezi mitatu mikono mitupu kabla duara halijatema. Likitema, fedha huja kwa mkupuo, na fedha ya mkupuo ina wapokeaji wengi: deni la dukani, ada ya mdogo wake, ndugu waliosikia habari, na usiku mmoja wa Katoro ambao asubuhi yake hakuna anayeweza kuuhesabia. Si sahihi kusema, kama inavyosemwa mara kwa mara na watu wa ofisini, kwamba vijana hawa hawajui kupanga. Wanapanga vizuri sana kwa ajili ya shimo, kwani hakuna duara linaloshuka bila kugawana gharama za chakula, magogo na mafuta kwa makubaliano ya mapema. Kinachokosekana ni kulihesabu pumziko lao kuwa kitu kinachostahili mpango wa namna hiyo hiyo.

Atatokea mtu, na hoja yake haina budi kupewa uzito, atakayeuliza ni busara gani kuzungumzia matembezi kwa kijana ambaye hajaezeka nyumba ya mama yake. Swali hilo linachukulia kwamba kijana huyo, asiposafiri, huezeka. Uzoefu wa ukanda mzima unaonyesha vinginevyo: fedha isiyopangiwa raha hailindwi na shida, bali humezwa na raha isiyopangwa. Zaidi ya hayo, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mwajiriwa siku 28 za likizo yenye malipo kwa mwaka, maana taifa limekiri kwamba mwili wa mtu anayefanya kazi unadai kupumzika. Mchimbaji mdogo, mwendesha bodaboda na binti wa mamalishe hawana wa kuwatia sahihi fomu ya likizo, lakini miili yao ni ya aina ile ile. Asiye na mwajiri wa kumpa likizo ana haki ya kujipa mwenyewe, na kuinyima nafsi yake haki hiyo maisha yote si uadilifu.

Kinachokatazwa na makala hii, tena bila kulegeza, ni safari ya mkopo. Mikopo ya mitaani ambayo watu wenyewe wameipa jina la kausha damu, kwa jinsi riba yake inavyomnyonya mkopaji wiki hadi wiki, imeanza kugharimia hata picha za ufukweni, na hakuna machweo ya Nungwi yanayofidia aibu ya kunyang'anywa kitanda na redio. Ukanda wa Ziwa una utaratibu wa zamani ulio bora kuliko huo. Upatu, ambao wengi huuita mchezo, ni watu kuchangia kiasi sawa na kupokezana jumla yake chini ya kijumbe, yaani mtunza zamu anayeaminiwa na wote. Kikoba ni chama cha kuweka akiba na kukopeshana kwa masharti ya wanachama wenyewe. Vijana kumi wakitoa shilingi 5,000 kila wiki kwa wiki 20, wanapata shilingi 1,000,000, yaani laki moja kwa kila mmoja, na kwa kuwa mapato ya duara ni ya mkupuo, anayepata mgao mkubwa alipe wiki kumi kwa pamoja siku hiyo hiyo, kabla simu haijaanza kuita.

Laki moja haimpeleki mtu Kiwengwa. Inampeleka ziwani vizuri kabisa, na hapo ndipo safari ya kwanza inapaswa kuelekea. Tangu Juni 2025, lilipofunguliwa daraja la Kigongo–Busisi lenye urefu wa kilomita tatu hivi, ile foleni ya kivuko iliyokuwa ikila nusu siku imekwisha, na mchomoko, kama ziitwavyo gari ndogo zinazobeba abiria, huunganisha Geita na Mwanza asubuhi na jioni. Ndani ya Jiji la Mwanza kuna Kisiwa cha Saanane, hifadhi ya taifa tangu 2013 na iliyo ndogo kuliko zote nchini, inayofikiwa kwa boti kwa dakika chache. Ndani ya Mkoa wa Geita wenyewe kuna Rubondo, hifadhi ya taifa tangu 1977, ambako sokwe walioletwa kutoka Ulaya kati ya 1966 na 1969 waliachiwa msituni na vizazi vyao vinaishi humo hadi leo. Raia hulipa kiingilio kwa shilingi, kiasi kidogo sana kulinganisha na kile cha mgeni. Na kando ya ziwa kuna mialo, neno ambalo wavuvi hulitumia kwa maana ya mahali pa kushushia samaki, huku ndugu zao wachimbaji wakilitumia kwa dhahabu. Kwenye mwalo wa wavuvi sato huliwa akiwa bado na harufu ya maji.

Atasema mwingine kwamba ziwa lina kichocho na mamba, na atakuwa amesema kweli. Kichocho ni ugonjwa wa minyoo ambayo hutoka kwenye konokono wa maji baridi na kupenya ngozi ya anayeoga, hasa penye maji tulivu yenye majani, na bahari haina konokono hao. Hilo halilifungi ziwa, linadai elimu. Mtu aulize wenyeji wapi panaogewa, aepuke matete, asiingie maji ya jioni, na baadaye apimwe, kwani dawa ya prazikwanteli ipo na inatibu. La vyombo vya majini ni zito zaidi: ajali za meli ya MV Bukoba mwaka 1996 na MV Nyerere, iliyopinduka karibu na kisiwa cha Ukara Septemba 2018 na kuua watu zaidi ya 200, zinatosha kumfanya kila kijana akatae chombo kilichojazwa kupita kiasi na kuvaa jaketi la uokozi hata kama wenzake wanamcheka.

Ikumbukwe pia kwamba Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa bahari au ziwa. Ukingo huo umehifadhiwa, na umma usiokanyaga ukingo wake hautajua siku utakapozungushiwa ukuta.

Nungwi nayo ina zamu yake, mwaka wa pili wa akiba. Basi hadi Dodoma, kisha treni ya umeme ambayo tangu 2024 hubeba abiria hadi Dar es Salaam, halafu boti ya takriban saa mbili, ni njia inayowezekana kwa kijana mwenye kitambulisho cha taifa na begi moja. Bima ya dola 44 inayotozwa Zanzibar tangu Oktoba 2024 ni ya wageni wa nje, Mtanzania haimhusu. Asiende Agosti wala mwisho wa Desemba, Waitaliano wanapojaa, bali aende Machi mwanzoni au Novemba, alale gesti za kijijini na kuomba bei ya mkazi. Aliyezoea ziwa ajifunze kwamba bahari hujaa na kupwa, na wakati wa bamvua, yaani siku za mwezi mpevu na mwandamo ambapo maji husogea mbali zaidi, ufukwe wa mashariki hugeuka uwanja wa tope na mwani kwa saa kadhaa. Na avae kwa staha apitapo vijijini, kwa kuwa watu wanaishi pale.

Lakini ziwa litangulie. Tangu mwaka 2009 maji yanayochotwa Ihelele, Wilaya ya Misungwi, yamekuwa yakisafiri kwa mabomba hadi Shinyanga na Kahama, kiasi kwamba kijana wa miji hiyo ameoga na kunywa Ziwa Victoria tangu utotoni bila kuliona. Vyama vya vijana vinavyokusanya mchango wao Jumamosi hii viweke jina la ziwa hilo mstari wa kwanza wa daftari.