Kutoona na Kutokuwepo

Daktari anaposema, "Hakuna ushahidi kwamba dawa hii ina madhara," sisi husikia habari za dawa. Kauli yake, ukiichunguza, ni habari za mtu aliyetafuta: alikwenda mahali fulani, akauliza kwa maneno fulani, akarudi mikono mitupu. Kilichopatikana huwekwa mezani na kila mtu akakikagua. Kisichopatikana hakina sura ya kukaguliwa. Tunachoweza kuonyeshwa ni njia iliyopitiwa katika kukitafuta, basi.

Mwaka 2001, katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins nchini Marekani, mwanamke wa miaka 24 aliyekuwa mzima wa afya alijitolea kushiriki utafiti wa pumu. Alivuta hewa yenye hexamethonium, dawa ya zamani ya shinikizo la damu. Mapafu yakaharibika, na mwezi Juni akafariki. Kabla ya hapo mtafiti alikuwa amechunguza usalama wa dawa hiyo katika PubMed, kanzidata ya maandiko ya tiba ambayo wakati ule ilianzia mwaka 1966, na katika kitabu cha kiada. Taarifa kwamba hexamethonium inaweza kudhuru mapafu zilikuwa zimechapishwa miaka ya 1950. Zilikuwa maktabani, katika karatasi, zikisomeka.

Kwa hiyo mtu alitafuta. Linalonisumbua ni jinsi mpaka wa chombo ulivyogeuka kuwa mpaka wa ulimwengu bila mtu kuuona ukigeuka. Ukimya wa kanzidata ukachukuliwa kuwa ukimya wa historia nzima ya dawa. Sentensi moja tu, kwamba nimetafuta PubMed kuanzia 1966, isingeongeza lolote katika ujuzi wetu wa hexamethonium. Ingemwachia mhakiki mwenye kumbukumbu ndefu nafasi ya kuuliza: na kabla ya 1966?

Mapitio ya kimfumo yamebeba mzigo huu wa kusema palipotafutwa kwa kiwango kikubwa zaidi. Hukusanya tafiti zote zinazohusu swali moja la tiba, huzipima, kisha hutoa jibu linaloweza kubadilisha mwongozo wa matibabu wa nchi nzima. Neno zito hapo ni "zote". Mwandishi wa mapitio anadai ukamilifu ambao hawezi kuuthibitisha, maana hakuna awezaye kuhesabu alichokikosa. Ndiyo maana naona kwamba maelezo ya namna alivyotafuta ni sehemu ya hoja yenyewe, ingawa mara nyingi husukumwa kwenye kiambatisho kama risiti za safari.

Mwongozo wa PRISMA-S uliotolewa mwaka 2021 una vipengele 16 vya kuripoti utafutaji. Unataka kila kanzidata itajwe pamoja na jukwaa lililotumika kuifikia, maneno ya utafutaji yanakiliwe neno kwa neno kama yalivyochapwa, mipaka ya lugha na miaka ielezwe, tarehe ya kutafuta iandikwe. Unauliza hata kama kuna mtu mwingine aliyeukagua utafutaji huo. Wengine huona huu ni urasimu. Lakini fikiria neno moja tu la Kiingereza, lile la kuharisha: Wamarekani huliandika "diarrhea", Waingereza "diarrhoea", na majarida mengi ya Afrika Mashariki hufuata tahajia ya Waingereza. Katika kanzidata isiyojua kuziunganisha tahajia hizo mbili, herufi moja inaweza kuziacha nje tafiti za watoto wetu, na muhtasari wa mapitio usionyeshe hata kovu.

Kuna pingamizi la haki. Mwanafalsafa Onora O'Neill, katika mihadhara ya Reith aliyoitoa BBC mwaka 2002, alionya kwamba uwazi huweza kuondoa usiri bila kuondoa udanganyifu, na kwamba kumwaga taarifa hadharani hakuleti imani kwa lazima. Nakubali. Utafutaji dhaifu ulioripotiwa kwa ukamilifu unabaki dhaifu. Hata hivyo udhaifu wake sasa una anwani: mtu anaweza kuonyesha mstari uliokosewa, akaurekebisha, akatafuta tena. Uwazi ninaoutetea ni huu unaompa msomaji uwezo wa kurudia kazi. Kurasa hamsini zisizorudilika hazimpi uwezo huo, hata zikiwa wazi namna gani.

Wanazuoni wa hadithi za Mtume wanaijua nidhamu inayokaribiana na hii. Hawapokei maneno mpaka waione isnadi, nani kapokea kwa nani. Isnadi hukilinda kilichofika. Taarifa ya utafutaji ina kazi ngumu kuliko hiyo, kwa sababu inapaswa pia kutuambia juu ya kile kilichobaki njiani, na mwandishi mwenyewe hajui ni kipi. Anachoweza kukiri ni mahali ambapo hakupita, na kukiri huko kunahitaji ujasiri. Mapitio yanayoandika wazi kwamba yalisoma Kiingereza pekee yanajishushia hadhi kwa hiari mbele ya wahakiki. Mimi huyaamini zaidi kwa sababu hiyo hiyo.

Jambo hili linatugusa sisi moja kwa moja. Tafiti nyingi za afya kutoka Afrika hupatikana African Index Medicus au African Journals Online, na baadhi yake haziko katika kanzidata kubwa za Ulaya na Marekani. Mapitio yakiandika kwamba hayakupata utafiti wowote kutoka Afrika, tofauti kati ya hukumu na swali hutegemea orodha ya mahali palipotafutwa. Orodha ikikosekana, bara zima limenyamazishwa na hakuna wa kuulizwa. Ikiwepo, mkutubi wa chuo cha tiba Dar es Salaam ataona ni kanzidata ipi haikufunguliwa, atachukua maneno yale yale ya utafutaji, atayachapa humo leo hii, na kitakachotoka atawaandikia waliofanya mapitio.