Mikono iko kazini, moyo uko wapi?



Tunalima, tunafua, tunapanga foleni ya maji, lakini mara nyingi mioyo yetu haipo. Imerudi kwenye nyumba tulizoziacha, au inangoja majina yabandikwe ubaoni. Ndipo jembe linakata mguu, na mtoto anapigwa kwa hasira isiyomhusu.

Kukumbuka nyumbani si dhambi. Nehemia naye alilia. Alikuwa Shushani, ugenini, mnyweshaji wa mfalme Artashasta. Habari za kubomoka kwa Yerusalemu zilimfikia mwezi wa Kisleu. Hadi Nisani, kama miezi minne, alikuwa bado kazini. Mfalme alipomwuliza sababu ya huzuni yake, aliogopa sana. Lakini hakuropoka. Mfalme alipomwuliza anataka nini, alimwomba Mungu kwanza, kisha akajibu (Nehemia 2:1-5). Ombi lile halikumtoa kazini.

Wiki hii, kabla ya kushika jembe au kujibu neno linalouma, tutulie kidogo, tujiulize: moyo wangu uko wapi, na umebeba nini? Tumwambie Bwana hivyo hivyo. Huzuni iliyotajwa mbele za Mungu haitafuti mtoto wa kumwangukia.

Amina.