Masazo ya Vikapu na Kingo za Shamba

Soma Yohana 6:5-13 na Walawi 19:9, 10. Je, mafungu haya mawili yanapatana?

Baada ya wanaume wapatao 5,000 kula na kushiba, Yesu aliwaagiza wanafunzi wakusanye masazo. Agizo hilo linashangaza. Aliyelisha umati kwa mikate mitano na samaki wawili hakuwa na haja ya makombo. Tena mikate yenyewe ilikuwa ya shayiri, chakula cha maskini, si kitu ambacho mtu angeona fahari kukiinamia. Hata hivyo vilijaa vikapu 12. Muujiza haukuwa ruhusa ya kutupa.

Katika Walawi, Bwana huyo huyo anaonekana kuagiza kinyume. Mwenye shamba asivune mpaka kwenye kingo, wala asirudi kuokota masuke yaliyoanguka. Kwa mkulima mwangalifu amri hii ilikuwa ngumu. Amelima, amepanda, amefukuza ndege, na sasa anaiona nafaka yake imesimama pembeni naye anaipita. Kwa hesabu ya kawaida, huo ni upotevu.

Ugumu unapungua tunapouliza masuke yale yalibaki kwa ajili ya nani. Soma Ruthu 2:14-18. Wengi hukumbuka ukarimu wa Boazi, aliyewaagiza vijana wake wachomoe masuke katika matita na kuyaacha makusudi. Lakini mwangalie Ruthu mwenyewe. Adhuhuri alipewa bisi, akala, akashiba, akasaza. Hakumaliza kwa sababu ni vya bure. Jioni, baada ya kupura shayiri yapata efa moja, alimpelekea Naomi hata kile alichosaza mchana. Mjane mgeni, aliyeishi kwa masazo ya wengine, naye alikuwa na masazo ya kutoa. Kwake kubana matumizi na kutoa vilikuwa tendo moja.

Waanzilishi wa Kanisa la Waadventista walijifunza jambo hili kwa uchungu. Mwaka 1856 mhubiri J. N. Loughborough, akibanwa na umaskini, alikuwa amehamia Waukon, Iowa, na kushika kazi ya useremala. Ukarimu unaongoja moyo uguswe haukutosha kumlisha mhubiri na nyumba yake. Mwanzoni mwa 1859 waumini wa Battle Creek, Michigan, walikubaliana juu ya utoaji wa utaratibu, wakiongozwa na 1 Wakorintho 16:2. Kila ndugu wa miaka 18 hadi 60 aliombwa kutenga senti 5 hadi 25 kila juma, na kila dada senti 2 hadi 10. Wenye mali waliongeza kwa kadiri ya mali yao. Senti 2! Ni kiasi kidogo, lakini kilitengwa kabla ya haja kubisha hodi.

Sasa chukua mfano wa shemasi mwanamke aliyeweka akiba kidogo kidogo tangu Januari kwa ada ya mwanawe. Ijumaa jioni, Sabato ikikaribia, jirani anapiga hodi: mtoto wake amelazwa na fedha za matibabu hazipo. Akitoa akiba yote, Jumatatu mwanawe atarudishwa nyumbani. Kumwita mkono wa birika ni rahisi kwa mtu asiyelipa ada ile. Kumwambia atoe yote kwa imani ni rahisi vilevile. Soma 2 Wakorintho 8:13, 14. Paulo hakutaka wengine wapate nafuu huku watoaji wakilemewa, alitafuta usawa.

Ada ile si kingo za shamba. Lakini Torati inauliza swali la mapema zaidi: je, kulikuwa na kingo? Mwenye shamba alijua kabla ya kushika mundu kwamba sehemu fulani si yake, na maskini hakulazimika kubisha mlangoni usiku. Upana wa kingo haukutajwa katika Walawi. Uliachwa kwa dhamiri ya mwenye shamba. Nyumba iliyopanga zaka, kodi, chakula na ada bila kutenga chochote kwa jirani itamwona kila mhitaji kama mwizi wa bajeti, hata kama wenye nyumba ni watu wema.

Na shemasi huyu hakuwa na shamba peke yake. Yuko mzee wa kanisa, wako mashemasi wenzake, liko darasa la shule ya Sabato linaloketi naye kila juma na kujifunza habari za Boazi.

Kwa kujadili: Kama ingekuwa kanisa lenu, shemasi huyu angebisha mlango wa nani usiku ule, naye angekuta nini kimetengwa?