Wembe Wako ni Amana

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa zote njema ni za Allah (s.w.), Mola wa walimwengu wote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake, masahaba zake na kila aliyewafuata kwa wema.

Ninaiusia nafsi yangu kabla sijawausia ninyi: tumche Allah katika makubwa na madogo. Leo nataka tuzungumze dogo. Tuzungumze wembe.

Likizo ya Desemba nilikuwa nyumbani Nchelenge, kando ya Ziwa Mweru. Kuanzia tarehe 1 Desemba hadi mwisho wa Februari uvuvi hufungwa ili samaki wazaliane, na wavuvi wengi huwa nchi kavu wakishona nyavu. Ukikaa nao ufukweni Kashikishi utaiona safari ya wembe mmoja. Asubuhi umekata nyuzi za wavu. Mwingine ameuomba, akakatia kucha. Wa tatu amejipaka sabuni akanyoa kichwa, na mwenzake akaupokea kumalizia shingo. Jioni makali yamekwisha, unatupwa mchangani, palepale watoto wanapopita pekupeku kwenda kuanika chisense.

Mwaka huu aliyekanyaga wembe ni mtoto wa dada yangu. Alipelekwa hospitali, akasafishwa kidonda, akadungwa sindano ya pepopunda, na amepona, alhamdulillah. Sijui ule wembe ulitupwa na nani. Ninachojua ni kwamba wiki ile na mimi nilinyoa pale ufukweni, na wembe wangu niliutupa mchangani. Tangu siku hiyo suala hili halijaniacha.

Ndugu zangu, kunyoa kwetu si urembo tu. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba katika mambo ya maumbile aliyotuumbia Allah, yaani fitra, kuna kutahiri, kunyoa kinena, kukata kucha, kuondoa nywele za makwapani na kupunguza masharubu. Hadithi hiyo wameipokea Bukhari na Muslim. Na Anas bin Malik (r.a.) amesimulia kwamba waliwekewa muda, wasiyaache mambo hayo kupita siku arobaini. Ama ndevu, zina mlango wake na amri ya kuzifuga mnaijua. Basi anayeshika wembe kwa ajili ya fitra yumo katika ibada, na ibada haijengwi juu ya madhara. Ndiyo maana nasema wembe una maswali manne, na kila mmoja wetu ajiulize.

La kwanza: je, una makali? Mtume (s.a.w.) alipotuamrisha wema katika kila kitu, alitoa mfano wa mchinjaji, kwamba anoe kisu chake ampumzishe mnyama. Ikiwa mnyama ana haki ya makali mazuri, ngozi yako je? Wembe butu haukati nywele, unazivuta. Nawe unakandamiza, unarudia mara tatu mahali pamoja, na hapo damu hutoka. Sisi wenye nywele za kujikunja tuna mtihani zaidi. Nywele ikikatwa chini mno ya ngozi hujipinda ikarudi ndani, ndiyo vile vipele vya shingoni na kisogoni. Mashine zenye nyembe tatu au nne kwa pamoja huongeza tatizo hilo, kwa sababu wembe wa kwanza huivuta nywele na wa pili huikata chini ya ngozi. Wembe mmoja wa kawaida, wa makali pande mbili, kwenye mashine yake ya kukaza, ambao King Camp Gillette alipewa hataza yake Marekani mwaka 1904, bado ni chaguo zuri, na ni wa bei nafuu. Lowesha nywele kwa maji ya uvuguvugu dakika mbili au tatu, paka povu la sabuni, nyoa kuelekea zinakoota, usikandamize. Ukihisi unavuta badala ya kuteleza, muda wake umekwisha. Kwa wengi ni baada ya kunyoa mara tatu hadi tano.

Na usidanganywe na jina lililo kwenye karatasi. Wembe mkali kuliko wote si lazima uwe bora kwa ngozi yako. Nunua pakiti ndogo za aina mbili tatu, jaribu, kisha shikamana na ule usiokuachia vipele.

La pili: je, ni safi? Chagua wa chuma kisichoshika kutu, uliofungwa kwenye karatasi yake. Ukimaliza, suuza, kung'uta maji, uweke mahali pakavu. Uliokwisha kukata nyuzi za wavu au kuchonga penseli usiurudishe mwilini.

La tatu: je, ni wako peke yako? Hapa ndipo tunapoangamia, na si ufukweni tu. Ijumaa asubuhi bwenini vijana wanne hunyoa kwa wembe mmoja, kila mmoja akiusuuza chini ya bomba na kusema, "Umetakata." Dada zetu nao huazimana vilevile. Ndugu zangu, virusi vya homa ya ini aina B vinaweza kuishi nje ya mwili siku saba au zaidi na bado vikaambukiza, hata kwa damu ndogo usiyoiona. Maji ya bomba hayaviui. Virusi vya UKIMWI navyo hupita kwenye damu. Mwenye homa ya ini anaweza kukaa miaka bila kujijua, kwa hiyo kumkatalia mwenzako wembe si kumtuhumu. Ni kumlinda yeye na wewe. Sheria yetu imeondoa kudhuru na kudhuriana. Haya yanahusu pia kinyozi: muone akifungua wembe mpya mbele yako, au nenda na wako. Na yanahusu wanaochanjwa chale kwa wembe mmoja ukoo mzima. Chanjo ya homa ya ini aina B ipo. Ulizia kituo cha afya kilicho karibu nawe.

La nne, ambalo ndilo lililonileta hapa: utautupa wapi?

Mkumbukeni Khubayb bin Adiy (r.a.). Alitekwa kwa hila akauzwa Makka, kwa watu wa ukoo wa mtu aliyeuawa Badr, nao wakamfunga wakingoja siku ya kumuua. Siku zilipokaribia aliazima wembe kwa mwanamke wa nyumba ile ili atimize usafi wa fitra. Mwanamke yule akaghafilika, mtoto wake mdogo akatambaa hadi kwa mfungwa. Alipogeuka alimkuta mwanawe amekaa pajani mwa Khubayb, na wembe umo mkononi mwa Khubayb. Akashtuka mno. Khubayb akauona woga wake, akamwambia asimdhanie kwamba atamuua mtoto. Hawezi kufanya hivyo. Baadaye mwanamke yule alishuhudia kwamba hakupata kuona mateka bora kuliko yeye. Wakamtoa nje ya Haram, akaswali rakaa mbili, wakamuua. Kisa hiki kimo katika Sahih Bukhari.

Tazameni. Mtu anayengoja kuuawa, wembe mkononi, mtoto wa adui pajani, na mtoto yule hakupata hata mkwaruzo. Sisi hatuna uadui na mtoto yeyote wa Kashikishi, lakini tunamwachia wembe mchangani. Khubayb alimlinda mtoto wa waliomteka. Mimi sikumlinda mtoto wa dada yangu.

Kuondoa chenye kudhuru njiani ni tawi la imani, kama alivyotufundisha Mtume (s.a.w.). Basi anayekiweka njiani amekata tawi gani? Tafuta kopo tupu la maziwa, toboa tundu jembamba kwenye kifuniko, tumbukiza humo kila wembe uliokwisha. Likijaa lizibe kwa gundi ya karatasi, lifikishe kituo cha afya wanakokusanya sindano, au litumbukize kwenye choo cha shimo. Usizike mchangani, maana mchanga wa ziwani huhama. Usitupe ziwani, maana huko ndiko watu wanakoogelea. Kopo moja latosha chumba kizima cha bweni kwa mwaka mzima.

Ndugu zangu, pakiti ya nyembe ni fedha ndogo kuliko tunazomaliza kwenye bando. Yeyote anayesoma haya na anajua ana wembe chini ya godoro au dirishani, ainuke sasa hivi autoe.

Ewe Mola wetu, tusamehe tuliyoyatupa bila kufikiri, waponye waliodhurika kwa mikono yetu, na utujaalie tuwe watu ambao viumbe vyako wanasalimika nao. Amin.

Wabillahi tawfiq.