Huruma Yenye Mipaka

Asubuhi hii, vyombo vya Minova vinapotia nanga bandarini Kituku, namkumbuka kila mama auzaye samaki wa sambaza kutwa nzima, kisha jioni faida yote ikaishia kulipa deni la pombe ya kanyanga la mumewe, naye akawaambia majirani kwamba bwana ana homa tu.

Mwaka 1951, huko Marekani, Lois Wilson, ambaye mumewe aliwahi kuwa mlevi, alishiriki kuasisi Al-Anon, jumuiya ya jamaa za walevi, kwa kuwa alitambua ya kwamba nao wanahitaji tiba yao wenyewe.

Basi nawe, mama uuzaye sambaza, ulevi wa mumeo hukuusababisha, wala hukujaliwa kudra ya kuuponya. Mpende, mnasihi aende kwa tabibu, lakini deni lake mwachie mwenyewe, kwani kumrudishia dhima yake si kumtupa, bali ni kumheshimu.