Mzee na Njia Yake

Umri mrefu ni neema ambayo kila mtu huiomba, na uzee ni jina ambalo kila mtu hulikimbia. Twataka kufika mbali, lakini hatutaki kuonekana kuwa tumefika. Kwa sababu hii mambo mengi husemwa juu ya uzee bila ya kupimwa. Moja katika mambo hayo ni kuwa mtu akishakuwa mzee haki yake ni kukaa kitako: watoto wamletee maji, wajukuu wamletee chakula, na yeye asiinue mguu ila kwa dharura. Jambo hili twaliita heshima. Katika insha hii nataka kuuliza kama jina hilo linalistahili.

Mbwajumali ni kijiji cha Wabajuni katika kisiwa cha Pate, katika visiwa vya Lamu, jirani na Faza, Tchundwa na Kizingitini. Watu wake ni wavuvi, mabaharia na wakulima. Zamani mwendo wa nchi kavu kisiwani ulikuwa wa miguu na wa punda. Siku hizi pikipiki hupita penye nafasi, na vijana wengi huzipanda hata kwa safari fupi. Wakati mzuri wa kutembea huko ni demani, kusi inapopungua nguvu na kaskazi haijaanza kuvuma. Jua la asubuhi huwa la upole, na njia huwa kavu.

Babu yangu alikuwa na desturi katika siku hizo za demani. Akimaliza sala ya Alfajiri alichukua fimbo yake, akashika njia ya mashambani mpaka penye mikoko, akarudi kabla ya jua kuwa kali. Hakuwa na ramani wala dira, na hakuona haja yake. Kibla ya kisiwa cha Pate huelekea karibu sawasawa na kaskazini, kwa hiyo mihirabu ya kila msikiti ilimwonyesha upande huo. Alfajiri za mwezi wa Septemba nyota ya Suheli husimama upande wa kusini, basi aliijua kusi kabla hakujapambazuka. Alijua vilevile kwamba maji ya bahari huchelewa kwa muda wa dakika 50 hivi kila siku, na kwamba mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu huja bamvua, ambapo pwani iliyokuwa kavu asubuhi yaweza kuwa kina alasiri. Kila asubuhi alikuwa na hesabu ya kufanya, na kila asubuhi aliifanya kwa miguu.

Siku moja alijikwaa akachubuka goti. Jeraha lilikuwa dogo, lakini sisi wajukuu tulifanya shauri kubwa. Tuliificha fimbo yake, tukamnunulia kiti kizuri, tukakiweka barazani penye kivuli. Tulimwambia, "Babu, umekwisha fanya kazi yako. Sasa pumzika, sisi tupo." Alicheka, akaketi. Tulijiona kuwa watoto wema, na majirani walitusifu.

Mwaka haukuisha kabla hatujaona matunda ya wema wetu. Magoti yake yalikakamaa. Yeye ambaye wavuvi walimwuliza habari ya maji, sasa aliwauliza wapita njia kama maji yanajaa au yanakupwa. Jioni moja aliniita akaniuliza, "Mjukuu wangu, kile kisima cha njia ya shamba kingali na maji?" Sikuweza kumjibu. Sikuwa nimepita njia ile tangu utoto wangu. Hapo nilitambua kuwa tulikifunga kitabu ambacho hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa amekisoma. Nilimrudishia fimbo yake asubuhi ya pili. Alikwenda mpaka mwisho wa nyumba, akasimama, akaitazama njia kwa muda mrefu, kisha akarudi kwenye kiti. Miguu ilikuwa imekwisha zoea.

Wataalamu wa siku hizi wamelipima jambo hili. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, lilishauri watu wazima, pamoja na wale waliozidi miaka 65, wapate angalau dakika 150 za mwendo wa kadiri kila wiki. Na wazee wakaongezewa mazoezi ya nguvu na ya kujimudu wasianguke. Mwaka 2011 wataalamu wa Marekani walitangaza habari ya wazee 120 waliofuatwa kwa muda wa mwaka mmoja. Nusu yao walitembea dakika 40 mara tatu kwa wiki. Nusu walijinyoosha viungo tu. Sehemu ya ubongo inayotunza kumbukumbu iliongezeka kwa asilimia 2 hivi kwa waliotembea, ikapungua kwa wenzao. Sehemu hiyo hiyo ndiyo imsaidiayo mtu kukumbuka njia.

Huko Ulaya ya kaskazini watu waligeuza kutafuta njia kuwa mchezo. Mchezaji hupewa ramani na dira, akaingia msituni kutafuta vituo vilivyowekwa, kimoja baada ya kimoja. Shindano la kwanza la hadhara lilifanywa Norway mwaka 1897. Mwaka 1919 Ernst Killander wa Sweden alilifanya jambo hilo kuwa kubwa karibu na Stockholm. Na shirikisho la mataifa likaundwa mwaka 1961. Mchezo huu una madaraja ya wazee wa miaka 80 na zaidi, nao hushindana wakati wa majani kupukutika kama vijana. Sababu yake si ngumu kuelewa. Mwenye mbio aliyepotea njia, kila hatua yake humzidishia umbali. Mwenye mwendo wa pole ajuaye aendako hufika. Babu yangu aliucheza mchezo huo maisha yake yote, bila ya jina lake na bila ya tuzo.

Msomaji aweza kunipinga kwa hoja mbili. Ya kwanza ni kuwa wako wazee waliochoka kwa haki. Bibi aliyechota maji kisimani tangu utoto wake mpaka mvi zikamjaa hana haja ya kufundishwa kutembea. Kumwambia "tembea upate afya" ni kumtukana. Hoja hii ni ya kweli. Mwendo wa kulazimishwa na shida ni mzigo, na yatupasa kumtua. Lakini akishatuliwa mzigo aulizwe mwenyewe atakako kwenda. Huenda akataka kuketi, huenda akataka kwenda kumwona nduguye Faza. Ubaya hauko katika kiti. Ubaya uko katika kumchagulia kiti mtu ambaye hakukitaka.

Hoja ya pili ni hatari. Mzee aweza kuanguka, kushikwa na kiu au, kumbukumbu ikidhoofika, kupotea. Hii nayo ni kweli. Lakini dawa ya hatari ya njia ni mwenzi wa njia. Sisi tuliificha fimbo kwa sababu kuificha kulikuwa rahisi kuliko kuamka alfajiri. Nikisema kweli, kiti kile hatukumnunulia babu. Tulijinunulia wenyewe usingizi wa asubuhi, tukauita heshima.

Basi kijana usomaye, jipime kwa kipimo hiki. Unapomtendea mzee jambo la heshima, angalia ni nani anayepumzika kwa jambo hilo. Kama ni yeye, umemheshimu. Kama ni wewe, umemwondoa njiani. Mpe mkono penye jiwe, beba maji yake ya kunywa, punguza mwendo wako ulingane na wake, na usimtangulie, kwa maana njia ni yake. Njiani atakuonyesha kisima, atakutajia nyota, atakueleza maji yanapojaa. Na siku utakapokuwa mzee wewe, utakuwa na njia ya kuijua, na pengine mjukuu wa kukuuliza.

Kisima kile kingali na maji. Nilikwenda kukitazama, lakini nilichelewa kumletea jawabu aliyeniuliza.