KIJANA, MWAKA HUU UNATAKA KUFIKA WAPI?

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.).

Ama baada ya hayo, ndugu Waislamu wa Shabunda, leo tunasema na watoto wetu wanaosoma iniversite kule Bukavu, kwenye UOB, ISP na shule kuu zingine.

Muulize kijana: unasoma nini? Atajibu mbio: sheria, uganga, ualimu. Muulize tena: mwaka huu unataka kufika wapi? Hapo ananyamaza, ao anasema "Inshallah". Ndugu yangu, Inshallah husemwa juu ya jambo ulilokwisha kulinuia. Wewe umenuia nini?

Zaid bin Thabit (R.A.) alikuwa kijana mdogo wa Madina. Mtume alimwagiza ajifunze maandishi ya Mayahudi, ili barua zisomwe na mtu wa kuaminika. Imepokelewa kwamba nusu ya mwezi haikutimia, Zaid akawa ameyajua. Alijua anajifunza kitu gani, na kwa kazi gani. Baadaye, wakati wa Abubakar, yeye ndiye aliyepewa kazi ya kukusanya Kurani.

Tangu mwaka wa masomo 2021-2022, mpango wa LMD umeenea katika shule kuu za Kongo. Mwaka ni krediti 60, lisansi ni 180. Basi hesabu iko mbele yako. Andika katika daftari: nimekwisha kupata ngapi, zinabaki ngapi, somo gani linanishinda, na kila siku baada ya Alfajiri nitalisoma saa ngapi. Kidogo cha kila siku Mungu anakipenda. Kukesha juma moja mbele ya egzamen ni kujitesa tu.

Sasa neno zito. Wengi wanasema: niingie kwanza shimoni miezi miwili, nipate feza za masomo. Hatusemi kuchimba ni haramu. Dhahabu ya Ulindi imelisha nyumba nyingi hapa, na za sisi tunaoandika. Lakini yule aliyeingia bila kutaja kiasi wala siku ya kutoka, miezi miwili imekuwa miaka mitano, naye bado anasema atarudi. Ukilazimika kuingia, taja kiasi, taja tarehe, na feza aziweke mama.

Februari 2025 vita ilifika Kavumu na Bukavu, na mtu wa Shabunda anajua maana ya kukosa uwanja wa ndege. Masomo ya wengi yalikatika. Mwenye kukatikiwa hana kosa. Abadilishe tarehe, asifute nia.

Nanyi wazazi, mnatuma feza halafu mnangoja diplome. Ulizeni krediti kila semesta, kwa binti sawasawa na kwa kijana mwanaume.

Baada ya sala ya leo, wanafunzi wote wabaki karibu na mihrabu, kila mmoja na daftari na kalamu. Walimu wawili wa sekondari watakaa nao mpaka Alasiri.